Aliyepakatwa na Bibi

Sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo visivyoruhusiwa kutumika mpaka aje mgeni wa maana (na hajaja bado), ilikuwepo picha moja ya bibi yangu mzaa mama. Amekaa kwenye kiti cha mbao, gauni lake jeusi limeshuka mpaka miguuni, macho kayakaza kama mtu aliyekatazwa kupepesa. Pajani kampakata mtoto aliyevalishwa gauni la malinda na kofia ya utepe. Hiyo ndiyo picha pekee ya bibi iliyopo duniani. Hakukaa sana kuweza kupigwa nyingine. Alifariki wakati mwanawe wa mwisho hajaota jino hata moja.

Sasa mtoto yule ni nani? Hapo ndipo ukoo wetu ulipogawanyika.

Mama yangu alisema ni yeye. Mdogo wake, yaani Mama Mdogo, alisema ni yeye. Na wote wawili walikuwa wamehakikishiwa na mtu mmoja, babu. Babu, Mungu amrehemu, alipenda amani kuliko ukweli. Mtoto yeyote akimfuata na kumuuliza, baba, huyu ni nani, alijibu, "Si wewe huyo," akarudi kwenye redio yake. Akaishi kwa raha, akafa kwa raha, akawaachia mabinti zake kesi isiyo na shahidi.

Mama ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mtaa na kuifokea yote, kwa hiyo hakuzoea kubishiwa. Ushahidi wake ulikuwa gauni: lile gauni la malinda lilikuwa lake, analijua mpaka mshono. Tena siku yenyewe anaikumbuka, mpiga picha alivyojifunika kitambaa cheusi kichwani, yeye akaogopa akalia. Hakuna aliyewahi kuthubutu kumuuliza mtoto wa kupakatwa anakumbukaje mambo hayo. Kwa Mama kuna maswali unayameza tu na maji.

Lakini kwa Mama ile picha ilikuwa heshima basi. Yeye alimjua mama yake. Alikumbuka sauti yake, alikumbuka wimbo wake wa kufulia, alikumbuka mpaka kofi. Mama Mdogo hakuwa na kofi hata moja la kukumbuka. Alikuwa na yule mtoto wa kwenye picha tu, na hata huyo alikuwa na mgogoro wa umiliki.

Mambo yalichemka Mama Mdogo alipoongeza chumba cha pili kwenye saluni yake. Alitaka ukuta wote wa mbele uwe ni picha ya mama yake akiwa amempakata, wateja wakiingia waone kwamba na yeye alizaliwa, hakuokotwa. Akaja kwetu na simu, akaipiga ile picha ikiwa humo humo kwenye fremu, akaipeleka kwa mchapaji mabango. Mchapaji akamrudishia. Bibi alikuwa na taa katikati ya paji la uso, na kifuani kwake alionekana mwanamke mwingine kabisa kashika simu, mdomo wazi. Alikuwa Mama Mdogo mwenyewe, kajipiga kwenye kioo.

Mchapaji akamwambia picha ya ukuta mzima haitaki ubabaishaji, iletwe asili yake iskaniwe vizuri. Mama aliposikia neno "asili" akasimama mbele ya kabati kama mlinzi wa benki. Alisema picha haitoki. Na ikitoka, chini yake yaandikwe maneno makubwa: Dada yangu na mama yetu.

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele.

Mimi ndiye mwenye skana. Nilishawahi kuwa mwenye kuku, wakafa. Nikawa mwenye kibanda cha simu, kikabomolewa. Nikawa mwenye mume, naye akahamia kwa mwenye kibanda cha jirani. Skana niliipata ofisi moja ilipokuwa inafunga milango, nikaiweka mezani chumbani kwangu hapo hapo kwa Mama, nikabandika karatasi dirishani: TUNASKANI, TUNASAFISHA PICHA. Hao "sisi" ni mimi na ile mashine, na kati yetu yeye ndiye anayefanya kazi.

Nikawaambia, kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kusahau kuku wake, kwamba ugomvi wao ni wa siku moja. Picha za zamani zina mambo mengi kuliko jicho linavyoona. Nitaiskani, nitaisafisha, nitaikuza, na mtoto atajulikana kwa uso wake. Wakakubali upesi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na uhakika wake. Wakakubaliana pia aitwe kaka yao awe shahidi, asije mtu akasema nimechakachua.

Kaka yao, mjomba wangu, amezaliwa katikati yao. Ni mwalimu wa udereva, na mji mzima unamwita Breki, kwa neno analolitamka kuliko mengine yote. Alisema ugomvi wa mabinti haumhusu, ila kama kuna chakula cha mchana atakuja.

Ikafika Jumamosi. Nikaitoa picha kwenye fremu taratibu, nikaiweka mezani, nikaenda jikoni kutazama chai. Niliporudi Mama Mdogo alikuwa ameinamia picha, ulimi nje kidogo, anaipaka mafuta ya mgando.

Nilimuuliza anafanya nini kwa sauti ambayo mpwa hapaswi kuitumia kwa mama yake mdogo.

"Ilikuwa imepauka," alisema. "Mtoto hapelekwi mbele za watu na uso mkavu."

Mbaya zaidi, alikuwa amekwisha kuilaza kwenye skana kuipima kama inatosha, na kioo cha mashine yangu kilikuwa kinang'aa kama kikaango. Asubuhi yote ikaishia kwenye kufuta. Picha niliifuta kwa pamba kavu, pole pole, bila maji, maana maji kwenye picha ya zamani ni kama kumwogesha paka: unaweza, lakini mtajuta wote. Kioo nilikifuta kwa kitambaa cha miwani. Mama alipendekeza mate. Alisema mate yamesafisha watoto wengi kuliko sabuni. Nikamwomba akae mbali na mashine, akakaa karibu zaidi.

Hatimaye nikaiskani. Ikatokea kwenye kompyuta, tukatazamana. Bibi alikuwa kama amesimama kwenye mvua ya mawe. Picha ile ilichapwa kwenye karatasi yenye vinundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, mtindo wa studio za wakati ule, na taa ya skana ilikuwa imekipiga kila kinundu kikameta peke yake.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi ni mtu wa njia za mkato, ndiyo maana nimepotea nikafika mbali hivi. Programu yangu ina kitufe kimeandikwa BORESHA. Nikakibonyeza. Kikafuta vumbi, kikafuta mikwaruzo, kikatandika ngozi. Kuna kingine cha kunoa, cha kufanya picha iwe na makali. Nikakibonyeza hicho nacho, mara mbili, kwa kuwa mara moja haikuniridhisha.

Bibi akatoka laini kama sanamu la kuuzia nguo dirishani. Na mtoto, mtoto alikuwa na meno.

Si jino, meno. Meupe, yamejipanga, juu na chini.

Mama hakushangilia. Mama akishinda huwa anashusha sauti, na hapo ndipo anapotisha. Alisema taratibu kwamba meno yale kila mtu anayaona, na kwamba kuna mtu humu ndani ambaye mama yake alifariki yeye akiwa na ufizi mtupu. Halafu akauliza kama chai bado ipo.

Mama Mdogo aliitazama kompyuta kwa muda. Akachukua mkoba wake, akaufungua, akaufunga bila kutoa kitu. "Sawa, dada," akasema. "Ni wewe." Akasimama.

Nimemjua Mama Mdogo maisha yangu yote. Nimemwona akigombana na fundi umeme, na mwenye nyumba, na mchungaji. Sijawahi kumwona akisema sawa. Nilijisikia kama nimekanyaga kitu kwenye giza na kikalia.

Nikaiangalia tena ile picha, sasa kwa macho si kwa vitufe. Mtoto alikuwa na meno, kweli. Lakini hata kwenye kiwiko cha bibi kulikuwa na meno. Kwenye pazia nyuma, meno. Mguu wa kiti ulikuwa unatabasamu.

Nikamwambia Mama Mdogo akae, yale si meno, ni karatasi. Mama akauliza kwa upole wa mashaka ni karatasi gani hiyo inayoota meno. Nikamwonyesha kiwiko. Nikamweleza kwamba kitufe cha kunoa hakijui bibi ni yupi na kinundu ni kipi. Kinanoa chochote kinachometa. Mama akasema kumbe hata mashine zina uongo. Nikasema mashine haikusema uongo, imejibu nilivyoiuliza, kama babu.

Mama Mdogo akakaa, lakini mkoba hakuuweka chini.

Wakati huo Mjomba Breki akawa ameingia, akavuta kiti, akauliza mshindi ni nani na chakula kiko wapi. Nikaanza upya mbele yake. Nikaiwasha skana nikaiacha ipate joto. Nikazima misaada yake yote, maana msaada usioombwa ndio ulionifikisha kwenye meno. Mama Mdogo akataka niweke namba ya mwisho kabisa. Aliiona kwenye kompyuta, nukta elfu kadhaa kwa kila inchi, na mimi nilikuwa nataka mia sita. Akasema kama mia sita inaona, maelfu yataona zaidi, kwani mimi nambania nini.

"Mwendo kasi si macho," Mjomba akasema. Hicho ndicho kitu pekee cha maana alichochangia siku ile.

Hakusikilizwa. Nikaweka ya mwisho. Mashine ikaguna, ikatambaa, ikapumzika, ikatambaa tena, kompyuta ikaganda tukanywa chai yote. Ilipozinduka, tulichokiona kilikuwa ni vinundu vya karatasi vikubwa kama matuta ya barabarani. Picha ina kile ilichonacho. Ukipita hapo humtazami tena bibi, unatazama kiwanda cha karatasi. Tukarudi kwenye mia sita.

Nikaweka kwenye rangi. Mama akauliza picha nyeusi na nyeupe inawekewa rangi ya nini. Nikamjibu kwamba bibi hana rangi lakini madoa yanayo, ya kahawia, na nikiyachukua na rangi zao nitaweza kuyatenga naye. Nikaweka karatasi nyeusi mgongoni mwa picha, maana mhuri wa studio ulikuwa unapenya kutoka nyuma na kumwandika bibi shavuni. Nikaskani. Kisha nikaigeuza, kichwa chini miguu juu, nikaskani mara ya pili.

Mama akauliza mama yake amekosa nini mpaka apinduliwe vile.

Nikamwambia mkunga hapaswi kushangaa mtu kutangulia kichwa. Akanitazama, lakini akanyamaza, na katika nyumba yetu huko ni kushangiliwa.

Siri yake ni kwamba taa ya skana inamulika kutoka upande mmoja. Kinundu kilichometa kushoto, ukigeuza picha kinameta kulia. Ukizichukua hizo mbili, ukaigeuza ya pili kwenye kompyuta ikae sawa, ukazilaza moja juu ya nyingine ya juu ikiwa nusu kama ukungu, vinundu vinauana vyenyewe kwa vyenyewe. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa anarekebisha picha za vitambulisho, wakati nikiwa sina kazi na yeye hana wateja. Inataka uvumilivu, kwa hiyo mimi huifanya nikishaharibu kwanza kwa njia nyingine.

Nikazilaza. Mvua ya mawe ikakatika.

Bibi akatokea na ngozi. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyelijua. Mama akalisogelea, akasema, "Ee," kama mtu aliyekumbushwa kitu. Mama Mdogo yeye alikuwa anamtazama mtoto. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa, kimya, kama dirisha la ofisi saa ya chakula. Meno hayakuwepo. Ufizi nao haukuwepo. Palikuwa na mdomo tu, na mdomo ule ungeweza kuwa wa mtu yeyote.

Kwa hiyo tulikuwa tumerudi pale pale, ila sasa kwa ubora wa juu.

Ili nisionekane nimeshindwa nikaanza kusafisha vidoa kimoja kimoja, kwa brashi ya kwenye programu, nikishuka kutoka kofiani. Nikafika kwenye mkono wa mtoto, uliokuwa umelala juu ya mkono wa bibi. Kando ya kidole cha mwisho palikuwa na mkwaruzo mweupe mfupi. Miaka yote tuliuona tukidhani ni ufa. Hata kile kitufe cha BORESHA kiliuona, kikaufuta kikidhani vivyo hivyo. Nikaandaa brashi.

"Subiri," Mama Mdogo akasema. "Kikuze hicho."

Nikakikuza. Ufa hauna kivuli, na kile kilikuwa na kivuli. Ufa hauna kucha. Sisi wanawake watatu tukahesabu vidole vya mtoto kwa sauti, kama darasa la kwanza, na tulipofika mwisho wa hesabu palikuwa bado na kimoja kinasubiri. Kidogo, mviringo, kinaning'inia pembeni kama punje ya maharage.

Tukageuka pamoja.

Mjomba Breki alikuwa kashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Pembeni ya kidole chake kidogo ana kijinundu, mahali palipokuwa na kidole cha sita alichozaliwa nacho, kikafungwa uzi utotoni mpaka kikaanguka. Kila mtu anakijua. Watoto wa ukoo wote tumeshakichezea tukiwa mapajani kwake.

"Nini?" akauliza.

Mama akamshika mkono, akauvuta mpaka kwenye kompyuta na kikombe chake, akawa anatazama huku, anatazama kule, kama ofisa wa uhamiaji na pasi ya kutilia shaka. Mjomba akainama. Akaiona kofia ya utepe. Akayaona malinda. Alikuwa mtu wa kwanza kuelewa na wa mwisho kukubali. Alisema yeye hajawahi kuvaa gauni maishani mwake. Alisema kuna watu wengi duniani wenye vidole sita. Alisema tuizime ile mashine tule.

"Gauni ni langu," Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeshika kamba iliyokwisha kukatika.

Nikamwambia ni lake, hakuna anayekataa, lakini limerithiwa. Nani angeshona jipya wakati la mkubwa lipo? Nikamuuliza Mjomba kama babu hakuwahi kumwambia ni yeye.

"Sikuuliza. Nilikuwa naona mtoto wa kike, ningeuliza nini?"

Tulicheka mpaka Mama akashika ukuta. Mwalimu wa udereva anayewatoa watu wazima machozi kwenye makutano ya barabara, na malinda yale, na utepe umefungwa chini ya kidevu. Nikamwambia kofia imemkaa. Mama akasema alikuwa mtoto mzuri, sijui kilichomtokea ni nini.

Ilichukua muda kugundua kwamba tunacheka watu wawili.

Mama Mdogo alikuwa ameuweka mkoba mapajani na mikono juu yake. "Basi mimi simo," akasema.

Hata Mjomba akaacha kuzungumzia chakula. Unapogombania kitu na dada yako miaka yote hiyo unajiandaa kushindwa na dada yako. Hujiandai kushindwa na Breki.

Akaniomba kitu kimoja. Pale chini, kwenye gauni la mama yake, ni giza tupu. Kama ninaweza, nimfungulie. Alisema kwa kuwa yeye hayumo, aone hata kitambaa.

Hilo niliweza. Kwenye karatasi gauni lilikuwa weusi mmoja tu, lakini skana, ukiiacha ichukue kila kitu bila kuikimbiza, inashika mambo ndani ya giza ambayo karatasi haikuonyeshi. Nikavuta kile kijiti cha kwenye programu kinachofungua vivuli, kidogo kidogo. Kwanza vikatokea vifungo. Kisha mikunjo. Kisha ukatokea mkono.

Ulikuwa mkono wa pili wa bibi. Siku zote tulidhani amemshika mtoto kwa mikono miwili. Hapana. Mtoto alikuwa ameketishwa pajani, upande, anashikwa na mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umelala chini ya kifua, vidole vimetandazwa, juu ya kitu cha mviringo. Na hapo tukaona kwa nini Mjomba aliwekwa pembeni. Katikati palikuwa na mtu.

"Hilo ni nini?" Mama Mdogo akauliza.

Mjomba akasema ni kivuli.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kipanya. Naomba nieleweke: nilijua nikikivuta kile kijiti kidogo tu, ule mviringo ungekuwa ngoma. Programu haina dhambi, na Mama Mdogo alikuwa ananitazama mimi, si picha. Kidole kiliniwasha.

"Toa mkono hapo," Mama akasema.

Akavaa miwani. Akausogeza uso wake mpaka karibu na kompyuta, akatazama vile nilivyomwona akitazama wake za watu barazani kwetu, wengine wakiwa hawajajijua bado. Hakuharakisha. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema ni kivuli, ni yeye: asubuhi aliamka akiwa mtoto wa kwenye picha, na sasa hata kivuli chake hakikuwemo.

"Huyu wa nje ana mwaka na kitu," akasema. "Na nyie wawili mmefuatana kama kidole na kucha. Hilo ni tumbo la miezi sita. Amelalia kulia."

"Nani?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Mama akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akasema sasa amekumbuka vizuri. Yeye alikuwa amesimama upande wa mpiga picha. Aliambiwa akae kule asije akamtingisha mama, akaona kitambaa cheusi, akalia. Ndiyo maana alikijua kitambaa. Mtoto wa kupakatwa angekikumbukaje?

"Aliweka mkono hapo kwa sababu ulikuwa unacheza," akamwambia mdogo wake. "Alimwambia mpiga picha asubiri mtoto atulie. Mpiga picha akamtazama huyu Breki, akasema mama, mbona ametulia. Mama akacheka. Picha ikabidi ianze upya."

Sasa mimi sijui. Mama yangu kwa miaka yote ya ukunga amewaambia wanawake "bado kidogo tu" wakati haikuwa kidogo, na aliwaambia kwa uso ule ule mkavu. Nilimwangalia kutafuta uongo nikaona mkunga. Mama Mdogo alinyoosha kidole, chenye mafuta yake ya asubuhi, akaugusa kioo cha kompyuta yangu pale kwenye mviringo, na safari hii sikumfokea.

Chakula kililiwa. Ilipofika kwenye matunda Mjomba akanisogelea, akaniita mpwa wangu, jambo ambalo halifanyi ila akiwa na shida. Akasema anasikia programu ile inafuta mikwaruzo. Akauliza kama haiwezi kukifuta na kile kidole. Au kama kidole ni lazima, gauni ligeuzwe suruali. Wake za wanafunzi wake wote wanasuka kwenye saluni ile.

Kusema kweli suruali ningeiweza. Nilikuwa nimeanza hata kuwazia rangi. Lakini Mama Mdogo ana masikio.

Alisema kidole hakiguswi. Kidole kikitoka, mtoto anakuwa msichana. Akiwa msichana, dada anarudi kudai. Dada akidai, basi picha itakuwa ya miaka mingine, na yeye anatoka tumboni. "Kaka, wewe ndiye umenishikilia humo," akamwambia. "Vumilia." Mjomba akamgeukia Mama kuomba msaada, Mama akasema hatuongezi, hatupunguzi, na akamsogezea embe.

Kwa hiyo nilimpelekea mchapaji faili safi, zito, lisilobanwa, bila suruali. Picha ipo mpaka leo. Bibi ameenea ukuta mzima, mrefu kuliko mlango, na kovu lake juu ya nyusi, na kidole cha sita cha Mjomba kimekuwa kikubwa kama ndizi. Mjomba akipita pale kumletea mtu ujumbe anasimama nje, mkono wa kushoto mfukoni, anazungumza na barabara.

Wateja wapya lazima waulize. Wanakaa kitini, wanamtazama mtoto wa malinda, wanasema bila shaka huyo ni wewe, dada, umefanana naye. Mama Mdogo anasema hapana, huyo ni kaka yangu. Anamwacha mteja hapo hapo na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, anatembea mpaka ukutani, anaweka ncha ya kitana chini ya kifua cha bibi, panapoanza mviringo.

"Mimi huyu hapa," anasema, na hashushi kitana mpaka mteja akiri kwamba anamwona.